Chumvi ya Pemba: Kati ya Onyo la Presha na Upungufu wa Madini Joto

BIASHARA ya chumvi kisiwani Pemba imejikuta kati ya maagizo mawili ya afya ambayo, kwa mtazamo wa haraka, yanapingana. Agizo la kwanza linamtaka mlaji apunguze chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu. La pili linamtaka ahakikishe chumvi anayokula ina madini joto, ili mtoto asizaliwe na akili pungufu na mama asiote rovu shingoni.

Maagizo yote mawili yanatoka Shirika la Afya Duniani. La kupunguza linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Shirika hilo lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuwa wastani wa ulaji duniani ni gramu 10.8, zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Nchi wanachama zilikuwa zimekubaliana kupunguza ulaji kwa asilimia 30 ifikapo 2025. Lengo halikufikiwa na sasa limesogezwa hadi 2030.

Mfanyabiashara wa jumla wa Chake Chake, Wete au Mkoani ana haki ya kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu kwa sababu nchi kadhaa zimeanza kulazimisha maandishi ya onyo juu ya vyakula vya viwandani vyenye chumvi nyingi, na bidhaa za namna hiyo ndizo zinazozidi kujaa katika rafu za maduka ya Pemba: vipande vya supu, tambi za dakika mbili, nyanya za kopo, majarini, krispi na biskuti za chumvi. Aidha, Pemba si mlaji wa chumvi tu. Ni mzalishaji, na mashamba ya chumvi yaliyopo pembezoni mwa ghuba zake ni riziki ya watu wengi.

HESABU YA SOKO

Hofu ya kwanza ya mzalishaji ni kwamba onyo likipita, soko litakufa. Hofu hiyo inaweza kupimwa kwa hesabu ya kawaida ya duka.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 katika mikoa miwili ya Pemba. Tuseme kila mmoja anakula gramu 10 kwa siku, kiwango kilicho karibu na wastani wa dunia. Kwa mwaka mzima kisiwa kitakula tani 1,980 hivi. Hilo ndilo soko lote la chumvi ya kula, kuanzia ile ya chunguni hadi ile iliyojificha ndani ya pakiti za viwandani. Si soko kubwa, na mwenye ndoto ya kujenga kiwanda kikubwa kwa ajili ya walaji wa Pemba peke yao afikirie mara mbili.

Sasa tuseme kampeni ya afya imefanikiwa na kila mtu amepunguza asilimia 30. Mahitaji yanashuka kwa takriban tani 600. Hata hivyo, jambo hilo halitokei kwa usiku mmoja, na wakati huo huo watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 iliikuta Pemba na watu 406,848, hivyo katika miaka kumi wameongezeka kwa theluthi moja. Endapo ongezeko la namna hiyo litaendelea, upungufu wa asilimia 30 kwa kila mlaji utapunguza soko zima kwa asilimia 6 au 7 tu ndani ya miaka kumi. Mvua moja ya masika iliyowahi kuja inaweza kumtia mzalishaji hasara kubwa kuliko hiyo.

Isitoshe, chumvi ya Pemba haiendi mezani yote. Wachemshaji wa dagaa huitumia katika maji ya kuchemshia kabla ya kuanika, na dagaa wa Zanzibar wana wanunuzi wa kuaminika kutoka Bara na hata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wavuvi na wachuuzi wa papa na ng'onda nao wananunua. Biashara hiyo inategemea zaidi bahari imetoa nini kuliko daktari amesema nini.

BAHARI IMEZUNGUKA, ROVU LIPO

Tatizo kubwa zaidi la chumvi ya Pemba liko kwenye madini joto, na historia yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi hawaifahamu.

Kwa miaka mingi iliaminiwa kuwa upungufu wa madini joto ni ugonjwa wa watu wa milimani: Mbeya, Iringa, Rukwa, Kilimanjaro. Watu wa visiwani wanakula samaki, kwa hiyo wako salama. Tanzania Bara ilipotunga kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1994, hapakuwa na haraka kubwa ya kuyafuatilia mashamba ya visiwani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Food and Nutrition Bulletin uliivunja imani hiyo. Watafiti waliwapima shingo maelfu ya watoto wa shule Unguja na Pemba. Asilimia 21 ya watoto wa Unguja walikutwa na rovu la kiwango fulani, na Pemba asilimia 32. Kipimo cha mkojo kilionesha Unguja wana madini ya kutosha, lakini Pemba kiwango cha kati kilikuwa takriban maikrogramu 53 kwa lita, ilhali kinachohesabiwa kuwa cha kutosha ni kuanzia 100.

Takwimu inayomhusu zaidi mfanyabiashara ni ile ya chumvi yenyewe. Kaya zilizokutwa na chumvi yenye madini joto Unguja zilikuwa zaidi ya asilimia 60. Pemba ilikuwa asilimia 1.

Takwimu hizo zina umri wa miaka ishirini na hazifai kuchukuliwa kuwa hali ya leo. Lakini sababu zake hazijazeeka. Chumvi ya shambani ilitoka jua likiwa limeikausha, ikatiwa kwenye magunia na kuuzwa kwa kupimwa bila ya kupitia mahali popote pa kutiliwa madini. Ilikuwa rahisi, ilikuwa ya nyumbani, na mlaji hakuwa na sababu ya kuikataa. Ndiyo kusema, mafanikio ya mzalishaji wa Pemba katika kulishika soko lake ndiyo yaliyokiacha kisiwa bila ya kinga.

Wengi hushangaa kuwa chumvi iliyotoka baharini haina madini ambayo bahari inayo. Maelezo yake ni mepesi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi za aina zote, lakini madini joto yaliyomo hayafiki hata sehemu ya kumi ya miligramu moja. Na hayo machache hayakai kwenye punje za chumvi zinapoganda; sehemu kubwa hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Mwani ndio unaoyavuna na kuyahifadhi madini hayo kwa wingi. Kina mama wa Pemba wanaulima, na sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka huko, lakini karibu wote huanikwa, hufungwa na kupelekwa ng'ambo. Kisiwa kinasafirisha madini joto kwa marobota na hakiyali.

CHUMVI ISIYOONEKANA

Upande wa presha nao si wa kupuuzwa. Upimaji wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Zanzibar mwaka 2011 ulionesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu, wa umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na shinikizo la juu la damu. Chumvi si sababu pekee. Unene, umri, tumbaku, kutofanya mazoezi na urithi wa ukoo vimo. Lakini katika orodha hiyo chumvi ndiyo iliyo rahisi na nafuu zaidi kuipunguza.

Katika Ulaya na Marekani chumvi nyingi inayoliwa imo tayari ndani ya chakula kilichonunuliwa, na mpishi anaongeza kidogo tu. Pemba hali ni tofauti. Chumvi ya Mpemba kwa kawaida inaingia kwa mkono wa mpishi, halafu kwa samaki mkavu. Papa au ng'onda aliyekolezwa vizuri anaweza kubeba zaidi ya gramu 10 za chumvi katika kila gramu 100. Mpishi mzoefu humroweka papa usiku kucha na kumwaga maji, na kwa kufanya hivyo huondoa sehemu nzuri ya chumvi hiyo bila ya kuhitaji kibandiko cha serikali.

Mazoea hayo hata hivyo yanabadilika, na yanabadilika kwa njia ya duka. Kipande cha supu cha gramu 4 kwa kawaida karibu nusu yake ni chumvi, yaani gramu 2 hivi. Mpishi akitia vipande viwili kwenye mchuzi kisha akaongeza chumvi yake ya kila siku, ameongeza gramu 4 ambazo hazikuwepo katika mchuzi wa mama yake. Pakiti moja ya tambi za dakika mbili pamoja na kiungo chake mara nyingi ina gramu 3 na zaidi; mtoto akiimaliza peke yake kabla ya kwenda chuoni amekaribia au amepita kiwango chake cha siku nzima. Boflo la asubuhi ladha yake haina chumvi nyingi, lakini linaliwa kila siku na kila mtu, na ndiyo maana nchi nyingi zilianzia kwenye mkate.

Kuna jambo jingine linalomchanganya mnunuzi. Pakiti nyingi haziandiki chumvi, zinaandika sodiamu kwa miligramu. Anayetaka kujua chumvi azidishe sodiamu kwa 2.5. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi. Mnunuzi anayesoma 800 na kuona ni sehemu ndogo ya gramu moja amedanganyika bila ya mtu kumdanganya.

NCHI NYINGINE ZIMEFANYAJE

Finland ilianza mapema. Tangu mwaka 1993 vyakula vilivyopita kiwango fulani vililazimika kuandikwa kuwa ni vya chumvi nyingi, na mkate uliozidi asilimia 1.3 ya chumvi uliingia katika kundi hilo. Waokaji walipunguza chumvi upesi, kwa kuwa hakuna aliyetaka maneno hayo juu ya mkate wake.

Chile ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia Juni 2016 chakula kigumu chenye zaidi ya miligramu 800 za sodiamu kwa gramu 100 kilitakiwa kubeba alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti. Kiwango kilishushwa hadi 500 mwaka 2018 na 400 mwaka 2019. Mexico ilifuata na alama zake mwaka 2020.

Uingereza ilichukua njia ya kimya. Kuanzia 2003 serikali ilikaa na wenye viwanda, ikaweka malengo kwa kila aina ya chakula na kuyashusha kidogo kidogo bila ya mlaji kugundua. Kufikia 2011 ulaji ulikuwa umeshuka kutoka gramu 9.5 hadi 8.1 kwa siku, asilimia 15 hivi. Afrika ya Kusini ilitunga kanuni mwaka 2013 zenye ukomo wa lazima: mkate usizidi miligramu 400 za sodiamu kwa gramu 100 kuanzia Juni 2016, na 380 kuanzia Juni 2019. Vipande vya supu, krispi na soseji navyo vilipewa viwango vyake.

Funzo la kibiashara katika mifano hii linafanana. Onyo halimuui muuzaji. Linamsumbua mtengenezaji mpaka abadilishe mapishi yake, na muuzaji wa Wete anaendelea kuuza pakiti ile ile yenye chumvi pungufu. Anayeumia ni mwenye mzigo wa zamani uliokwama ghalani siku kanuni inapoanza kutumika.

NANI AANDIKE NINI

Viwango na usalama wa chakula si mambo ya Muungano. Bara, kazi ya chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019 baada ya Mamlaka ya Chakula na Dawa kuvuliwa jukumu hilo. Zanzibar ina Taasisi yake ya Viwango, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na Wakala wake wa Chakula na Dawa. Kwa hiyo onyo lolote la chumvi litakaloamuliwa Dodoma halimfungi mwenye duka wa Konde, na la Unguja halimfungi mwenye kiwanda wa Dar es Salaam isipokuwa anapoleta mzigo visiwani.

Hapo ndipo penye ugumu. Soko la Pemba ni dogo mno kumlazimisha mtengenezaji mkubwa achapishe pakiti za peke yake. Zanzibar ikidai alama yake ya pekee, matokeo yatakuwa vibandiko vya karatasi vinavyobandikwa ghalani na vijana wa muagizaji, na gharama atabebeshwa mlaji. Onyo lenye maana linahitaji kuwa la Afrika Mashariki nzima, lipite kwenye viwango vya pamoja vya Jumuiya, na liwe alama inayosomwa na asiyejua Kiingereza wala Kiarabu.

Kwa upande wa bidhaa, si haki wala si busara kumwanzia mzalishaji mdogo wa achari au pilipili ya chupa anayetoa makasha machache kwa mwezi. Upimaji wa maabara kwake ni gharama nzito. Vipande vya supu na tambi vinatoka viwanda vyenye maabara tayari, vinauzwa kila kona na ndivyo vyenye chumvi nyingi zaidi. Viwe vya kwanza.

Pakiti ya chumvi yenyewe haihitaji alama nyeusi. Kila mtu anajua kuwa chumvi ni chumvi. Inachohitaji ni maandishi mawili yanayosomeka: kwamba imetiwa madini joto na kwa kiwango gani, na kwamba mtu mzima atosheke na kijiko kimoja cha chai kwa siku, chakula chote pamoja. Kuitia chumvi onyo la kutisha bila ya kutofautisha yenye madini na isiyo nayo kunaweza kumrudisha mlaji kwenye chumvi ya kupima isiyo na maandishi yoyote, na hasara yake itaonekana darasani.

Maagizo mawili yaliyotajwa mwanzoni kwa kweli hayapingani. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa jedwali linaloonesha kiasi cha madini joto cha kutia kulingana na ulaji wa chumvi. Watu wakila gramu 10 kwa siku, watiliwe miligramu 20 kwa kilo. Wakishuka hadi gramu 5, kiwango kipandishwe hadi 39. Chumvi inapungua, madini yanabaki yale yale.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Dawa inayotumika ni potasiamu ayodeti, na asilimia 59 ya uzito wake ni madini joto. Kufikia miligramu 40 kwa kilo, tani moja ya chumvi inahitaji chini ya gramu 70 za dawa, ukiacha kinachopotea njiani. Tani 1,980 za kisiwa kizima zingehitaji kilo 135 hivi kwa mwaka, mzigo unaobebeka ndani ya gari dogo. Mwenye kudai kuwa kutia madini joto ni ghali mno anazungumzia kitu kingine. Kilicho ghali ni mahali pa kufanyia kazi: sakafu safi, ghala lisilovuja, pampu ya kunyunyizia, mizani ndogo ya kuaminika, mtu anayejua kuchanganya sawasawa, na mifuko ya plastiki isiyopitisha unyevu.

Kwa kuwa mashamba ni mengi na madogo, mtambo mmoja wa ushirika unaokusanya chumvi ya wazalishaji kadhaa una maana zaidi kuliko kila mmoja kujinunulia pampu. Atakayeujenga asihesabu faida kwenye dawa; faida imo kwenye pakiti. Chumvi ya gunia na chumvi ya pakiti ya nusu kilo yenye jina na alama ya ubora si bidhaa moja mbele ya mwenye hoteli wala mbele ya duka la kisasa. Washindani nao wapo: chumvi ya Tanga, Bagamoyo, Lindi na Mtwara, na ile ya viwanda vya pwani ya Kenya, ambako sheria ya madini joto ilianza tangu 1978.

Ipo pia nafasi mpya. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza chumvi yenye sodiamu pungufu, ambayo sehemu yake ni kloridi ya potasiamu. Jaribio kubwa la China lililochapishwa mwaka 2021, katika vijiji 600 na watu 20,995, lilionesha kiharusi kupungua kwa asilimia 14 kwa waliotumia chumvi hiyo. Kloridi ya potasiamu inaagizwa kutoka nje na bei yake ni juu ya ile ya chumvi ya kawaida. Na mgonjwa wa figo haimfai, kwa hiyo hapa ndipo onyo la maandishi haliepukiki. Muuzaji asiyeweza kumweleza mteja wake jambo hilo asiiweke rafuni.

Kwa wanunuzi wa magunia, msimu mzuri ni ule wa jua kali la kaskazi kabla ya masika, na wa pili baada ya mvua kubwa kupita, kabla ya vuli. Chumvi iliyovunwa kwa haraka mvua ikinyemelea mara nyingi hutoka na maji machungu: ina ladha kali ya ulimi, inavuta unyevu, na gunia linapungua uzito ghalani huku sakafu ikilowa. Chumvi hiyo ni hasara kwa mnunuzi na ni mbaya kwa madini joto, ambayo huondoka na maji yanayovuja.

Kipimo cha madini joto kinauzwa katika vichupa vidogo. Tone moja juu ya chumvi kavu. Ikigeuka rangi ya buluu au zambarau, madini yamo, na ikibaki nyeupe hayamo. Mnunuzi ajaribu mifuko kadhaa kutoka sehemu tofauti za mzigo, kwa sababu chumvi iliyonyunyiziwa juu juu huwa na madini mengi mdomoni mwa gunia na haina kitu chini.